Siku Arubaini za Mama Achari

Nilimuogopa. Wengine kichochoroni watakwambia walimheshimu, na huenda baadhi yao wasema kweli, lakini mimi nilimuogopa tangu siku tulipohamia Mji wa Kale, mimi na mume wangu na kitanda kimoja, hadi siku mwanawe alipokuja kumchukua kumpeleka Kizingo. Tulikaa ukuta kwa ukuta miaka mingi. Jina alilopewa na wazazi wake sikulijua, na sikuwa na ubavu wa kuuliza. Watu wote walimwita Mama Achari, naye aliitika, mara nyingi kwa kuuliza unataka nini.

Alikuwa Mhindi, Mwislamu, mjane, mwembamba wa kupeperuka, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi nyuma ya kichwa. Vidole vyake vilikuwa vya manjano mpaka kwenye kucha kwa ajili ya bizari. Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita hasa, cha kunishinda mimi Mdigo niliyekuja mjini kutafuta kazi. Kihindi alikitumia kwa mambo mawili tu, kuhesabu na kutukana, na kwa kuwa hatukujua hili ni lipi na lile ni lipi, tulinyamaza kwa yote mawili.

Hakuuza mlangoni. Aliuza dirishani, ghorofa ya kwanza, kwa kikapu na kamba. Ukitaka achari ya ndimu au ya embe ulisimama chini, ukapiga hodi, ukatia chupa yako na pesa zako ndani ya kikapu, ukangoja kidogo. Huko juu aliitoa ile chupa, akaigeuza juu chini, akaitia kidole, akainusa. Akikuta unyevu hata kidogo, kikapu kilirudi chini na chupa tupu na pesa zako zote, na dirisha likafungwa. Hakukueleza kitu. Ulirudi nyumbani ukaianika chupa juani, ukaja tena kesho yake kama mwanafunzi aliyefeli.

Kisa chake ni kwamba tone moja la maji huiozesha achari nzima. "Mai ni mai," alikuwa akisema, "hata yakiwa ya Zamzam." Niliwahi kumuona kwa macho yangu akizitundika noti za mteja kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kwa sababu mteja yule alizitoa kwenye kiganja chenye jasho. Alizipokea jioni, zilipokauka.

Mchele wa hamali mzee aliyekuwa akipumzika kwenye baraza yake ulishuka kwa kikapu hicho hicho kila Alhamisi, na juu yake kipande cha samaki. Siku moja yule mzee akajisahau, akainua mikono akamwombea dua kwa sauti. Mama Achari alichungulia dirishani akiwa mwekundu. "Nani amekuuliza?" akamfokea. "Nani? Kula unyamaze!" Mama huyo huyo alinirudisha siku nyingine kutoka mlangoni kwangu, chini ngazi na juu tena, kwa sababu kikapu kilikuwa na upungufu wa shilingi tano. Mimi nilishindwa kumuelewa, na usipomuelewa mtu, akili inakaa tayari kwa mabaya.

Ila kwa neno lake hakuna aliyemshuku. Akisema kesho, ni kesho. Mwanawe alipokosa kuhudhuria hitima ya babake, alimwambia hatasema naye mpaka Idi. Ilikuwa imebaki miezi minne. Yule mtu mzima, mwenye gari na suti, alikuwa akija kusimama chini ya dirisha, mara moja hata na friji mpya mgongoni mwa vijana wawili, na dirisha halikufunguka. Asubuhi ya Idi, watu walipotoka kuswali, kikapu kilishuka na sinia la biriani, na sauti ikasema, "Panda, kimepoa." Kichochoro kilicheka mwezi mzima, lakini kwa chini chini.

Na ilikuwepo ile habari ya bangili. Ilitokea kabla yetu, kwa hiyo naieleza kama nilivyoelezwa. Bangili yake ya dhahabu ilipotea nyumbani mchana, akasimama dirishani akatangaza kwamba anampa aliyeichukua siku tatu, na baada ya hapo atasomesha Halbadiri. Kwa asiyejua, hiyo ni dua inayosomwa juu ya mtu aliyedhulumu na hajulikani, na watu wa pwani huamini kwamba itamtafuta mwenyewe popote alipo. Najua wako masheikh wanaoikataza. Sheikh mwenyewe ukimwibia ndipo utajua anaamini nini. Siku ya tatu, asubuhi, bangili ilikutwa ndani ya kikapu, imefungwa kwa gazeti. Wengine waliongeza kwamba kabla ya hapo Halbadiri ilishawahi kusomwa mara moja, na mtu mmoja wa mtaa wa pili akapinda mdomo. Kila niliyemuuliza alimjua mtu aliyemuona mtu huyo.

Basi sasa nije kwenye mtungi.

Achari yake ilikuwa na siri isiyokuwa siri. Juu ya sakafu ya paa, kwenye kigoda kilichoelekea jua, alikuwa na mtungi wa kauri wa mamake, mweupe, na kifuniko chake cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na achari ya ndimu ya miaka mingi, nyeusi, nzito, ambayo haikuliwa. Aliiita mbegu. Kila alipotengeneza mtungi mpya alichota kijiko kimoja cha mbegu akatia, na kila mwaka mbegu nayo aliilisha ndimu mpya. Mamake alifanya hivyo, na mamake mamake. Achari yote iliyoshuka kwa kikapu mjini humu ilikuwa na asili yake mle.

Mapaa ya nyumba tatu pale yamegusana, na kati ya lake na letu pana ukuta mfupi wa kufika kiunoni. Jumanne moja, alasiri, wingu lilifunga ghafla nami nilikuwa na unga mikononi. Nikamtuma binti yangu Riziki, wakati huo wa miaka minane, akaanue nguo. "Kimbia," nikamwambia. Upepo ulikuwa umeirusha shuka moja upande wa pili wa ukuta, ikafunika kigoda na mtungi. Riziki hakuona kilichokuwa chini yake. Aliinama ukutani akaivuta kwa nguvu zake zote, kama nilivyomfundisha, ili isiburutike. Kitu kikaanguka kikapasuka. Alishuka akiwa ameikumbatia, uso hauna damu. Shuka ilikuwa na doa la manjano la ukubwa wa sinia.

"Mama, nimevunda kitu cha bibi."

Ningekuwa mwanamke ninayejidai kuwa, ningemshika mkono tukaenda wakati ule ule. Nilichofanya ni kuingia bafuni na ile shuka, nikafunga mlango kwa komeo, nikaisugua. Nilitia sabuni, nikatia ndimu, nikatia dawa ya kung'arisha nguo. Bizari haitoki. Nikaianika chumbani, juu ya mlango wa kabati, nikamwambia Riziki asiseme na mtu. Moyoni nilikuwa na tumaini moja la aibu, kwamba atawasingizia paka. Mji wa Kale hauna upungufu wa paka.

Jioni hiyo Mama Achari alisimama dirishani. Hakupiga kelele. Kila dirisha la kichochoro lilikuwa wazi na hakuna aliyechungulia.

"Aliyevunda mtungi wa mamangu," akasema, "nampa mpaka Alhamisi baada ya Alasiri. Aje mwenyewe kwa miguu yake. Asipokuja nasomesha Halbadiri. Nimesema."

Riziki alikuwa ameshika gauni langu kwa mikono miwili. Ana pumu yule mtoto, na akiogopa hupumua kwa sauti, kwa hiyo niliisikia hofu yake kabla ya kuihisi yangu. Mume wangu alikuwa njiani na lori kuelekea bara. Nilimpigia simu nikamweleza. "Nenda kamwambie," akasema. "Mtoto ameharibu, mzazi analipa, ndiyo dunia yote. Chukua zile za kodi." Nikamwambia nitakwenda kesho.

Jumatano nilikwenda kazini Shimanzi, nikakaa kwenye kile kibanda changu cha ghala naandika malori yanayoingia na yanayotoka, na siku hiyo niliandika namba moja mara tatu. Nilikuwa nikipiga hesabu ya kijinga: leo Jumatano, mwisho ni Alhamisi, nina siku nzima. Niliporudi jioni, nilipishana mlangoni kwake na wazee wanne waliovaa kanzu na kofia, mmoja ana vitabu kwapani, na ngazi yake yote inanuka ubani. Nikajiambia ni hitima ya mumewe. Mama Achari hakuwahi kuvunja neno lake, na neno lake lilikuwa Alhamisi.

Alhamisi niliomba ruhusa mapema. Adhuhuri ilipokwisha kuswaliwa nikapanda ngazi zake, bahasha mkononi. Nilikuwa sijawahi kuingia mle ndani. Palinuka siki na haradali. Alikuwa ameketi kwenye kibao, kanga imejaa ndimu mapajani, kisu mkononi.

"Asalaam aleikum, mama. Masalkheri."

"Masalkheri. Kaa."

Sikukaa. "Mtungi... ni mwanangu, mama. Ni Riziki. Lakini mimi ndimi niliyemtuma kuanua nguo, shuka ilikuwa imeufunika mtungi, hakujua. Ni mtoto."

Kisu kilisimama. Hakuniangalia.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa Kihindi na kwa Kimvita. Alichoniuliza ni, "Mtoto yuwapi?"

"Yuko chuoni kwa maalimu, mama. Anasoma."

"Leo amekula?"

"Amekula."

"Yuwaumwa na kitu? Kichwa? Tumbo?"

"La, ni mzima."

Akainuka ghafla, ndimu zote zikamporomoka zikabingiria mpaka ukutani, na hakuziokota. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nikamnyooshea bahasha kwa mikono miwili.

"Ondoa."

"Mama, ni malipo ya mtungi, na kama hazitoshi, baba yake akirudi..."

"Nimesema ondoa! Pesa zako zitanifanyia nini? Mtungi wauzwa Makadara, mbegu yauzwa wapi?" Alikuwa akitembea huku na huku. Kisha akasimama mbele yangu, karibu, kidole cha manjano kimeninyookea. "Mtoto atalipa mwenyewe. Siku arubaini. Kila siku akitoka chuoni atakwenda nyumba moja iliyonunua achari yangu, ataomba kijiko kimoja, aniletee mimi, hapa, mkononi. Kijiko kimoja kila siku. Nyumba arubaini. Asikose hata siku moja. Sikia vizuri, hata siku moja."

Nilishuka ngazi. Njia nzima nilikuwa nikijiambia, hataki pesa, anamtaka mtoto.

Na siku hiyo hiyo ikaanza. Riziki alipewa kichupa kikavu chenye kifuniko cha kizibo, akawa anabisha hodi mlango mmoja kila siku. Mara ya kwanza nilimfuata kwa mbali, nimejificha kwenye vibaraza kama mwizi. Niliogopa atafukuzwa, atachekwa. Lakini mji huu una mambo yake. Mama mmoja alimpa kijiko akamwongeza kashata. Muuza vitambaa mzee aliinama chini ya kaunta akatoa chupa ambayo alikiri aliificha mkewe asiione, akachota kwa ncha ya kijiko. Wiki ya pili watu walikuwa wakimngoja mlangoni: leo zamu yetu. Mtoto wangu alifurahi. Mimi sikufurahi hata kidogo, kwa sababu nilijua kijiko kinachukua dakika tano, na yeye kule juu kwa Mama Achari alikuwa akikaa nusu saa nzima.

"Mnafanya nini huko?" nilimuuliza.

"Ananishika kichwa, ananisomea. Halafu ananipulizia."

"Anakusomea nini?"

"Yasini. Na nyingine sizijui. Na ananipa maji ya manjano ninywe. Matamu."

Kwetu Kwale nimekulia kwenye hadithi za watoto waliopewa vitu vya kunywa na watu wazima. Kesho yake nilimwambia Riziki asimeze yote, aniletee kidogo mdomoni, na mtoto wa watu akaja akikimbia mashavu yamevimba, akanitemea kikombeni. Nikaonja. Yalikuwa ya zafarani na maji ya waridi, yale ya kombe, ya kuandikiwa aya kwenye sahani ikaoshwa. Kombe hunyweshwa mgonjwa. Mwanangu hakuwa mgonjwa. Nilitazama kile kikombe mpaka adhana ya Magharibi.

Na asubuhi kabla ya shule, kila asubuhi, dirisha lake lilifunguka, sauti ikaita, "Mama Riziki! Mtoto yuko? Amelala? Amekula?" Nilijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, meno yamebana. Nilifasiri kwamba ananikumbusha deni langu mbele ya watu. Jirani mmoja aliniambia, "Yuwampenda huyu mtoto." Nikamwambia, paka pia hupenda panya.

Siku ya ishirini na tatu Riziki aliamka na homa. Nilimpeleka zahanati, akapimwa, akaonekana na malaria, akapewa dawa, jambo ambalo humpata kila mtoto wa mji huu mwaka hadi mwaka. Nilijua hivyo kwa kichwa. Kwa tumbo nilijua kwamba amefanywa kitu, na kwamba aliyemfanya yuko upande wa pili wa ukuta. Nikaapa hatakwenda tena. Dirisha lilipoita alasiri sikujibu. Likaita tena. Nikafunga letu.

Kidogo nikasikia ngazi zetu. Mama Achari alikuwa na magoti mabovu, na katika miaka yote hakuna aliyemuona ametia mguu nyumba ya mtu. Alipanda ngazi zetu zote, moja moja, akitua, viatu vyake vya mpira vikiburutika, na mimi nimeegemea mlango kwa ndani. Nasema ukweli, niliegemea mlango nisimfungulie mwanamke wa miaka sabini.

"Nifungulie," akasema. "Nakuomba."

Neno lile sikuwahi kulisikia kutoka kinywani mwake. Nikafungua. Alinipita bila salamu, akaketi sakafuni pembeni mwa godoro, akashika mguu wa mtoto kwa mikono yake miwili ya manjano, akaanza kusoma. Alisoma Alasiri mpaka Magharibi, hakunywa hata maji. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi, sijui nimpigie nani nimwambie nini. Homa ilishuka siku ya pili, kama zilivyoandikwa zile dawa. Mama Achari alikuwa amekuja siku zote mbili, na kijiko cha siku hizo alikwenda kukiomba mwenyewe, kwa miguu ile, ili hesabu isikatike.

Siku ya arubaini alishusha kikapu mbele ya watu wote, ndani mna chupa iliyojaa, imefungwa kitambaa cheupe. "Imelipwa," akasema, dirisha likafungwa. Ilikuwa achari ya kwanza ya mbegu mpya, ile ya vijiko arubaini. Watu walimpigia Riziki makofi. Mimi niliipokea, nikashukuru, nikaiweka kabatini. Sikuionja mwaka mzima.

Baadaye magoti yalimshinda, mwanawe akamchukua. Tulipungiana mkono tu. Nilidhani nimemaliza naye.

Mwaka jana huyo mwanawe alinipigia simu. Mamake anataka kutuona, mimi na Riziki, na akasisitiza, na Riziki. Msichana wangu sasa yuko chuo mwaka wa kwanza, amenipita urefu, pumu ameiacha utotoni. Nilimwambia si lazima. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akasema, "Twende, mama," akaenda kuvaa buibui lake zuri.

Kizingo hakuna watu njiani. Tuk-tuk ilituacha kwenye lango la nyumba kubwa yenye miti, tukapelekwa mpaka baraza ya nyuma. Alikuwa amebaki kidogo sana mle kitini. Vidole vilikuwa vyeupe. Tukamsalimu, tukaletewa chai.

"Riziki, una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, bibi."

"Waswali?"

"Naswali."

"Akili zako ni timamu?"

Riziki akacheka. "Nadhani."

"Basi sasa neno lako ni neno," akasema Mama Achari. Akanitupia jicho. "Mamako hajui?"

"Sikumwambia," akasema Riziki.

"Sijui nini?" nikauliza.

Aliniambia hapo hapo, kwa sauti ile ile kavu. Alikuwa amesema Alhamisi, lakini Jumatano hakuweza kungoja. Aliviangalia vipande vya mtungi wa mamake, akaona moto kifuani, akawaita wasomaji waje. Halbadiri ilisomwa Jumatano baada ya Alasiri. Nilipokuja mimi na bahasha yangu ilikuwa imekwisha kusomwa, na sasa alikuwa na jina na umri wa aliyesomewa. Jioni ile alimwendea msomaji akamlilia airudishe. Msomaji akamwambia dua hairudishwi, lakini mtoto huombewa. Amsomee siku zile zile arubaini alizokwisha kuzitaja, asimpoteze machoni, na amtake radhi.

"Vijiko vilikuwa ni hila," akasema. "Nipate kumuona kila siku yu hai."

"Na wewe ulijua?" nikamgeukia mwanangu.

"Siku ya kwanza," akajibu Mama Achari. "Nilimwambia yote. Roho ni yake, ana haki ya kujua. Akaniambia, haidhuru, bibi. Lakini msamaha wa mtoto mdogo haushiki. Nimengoja akue." Akavuta pumzi. "Riziki, nilikusomeshea dua mbaya, na nilivunda neno langu kuisomesha. Niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, bibi," akasema Riziki. "Duniani na akhera."

Mama Achari akafumba macho. Mtoto wa miaka minane alizunguka mji huu siku arubaini na kichupa mkononi, akidhani huenda kesho asiamke, akala kashata za watu, akarudi kwangu, na hakusema. Nilipata hasira ya kutaka kumpiga yule mzee. Halafu hasira ikakosa pa kukaa, kwa sababu hesabu ya zile siku niliijua vizuri kuliko mtu yeyote.

"Mama," nikasema, "nami niwie radhi. Ningekuja Jumanne, hata Jumatano asubuhi, usingesomesha."

"La." Akafungua macho. "Mimi sikudai. Mtungi ulilipwa. Hizo siku mbili si zangu." Akanyoosha kidevu kumuelekea Riziki. "Muombe mwenyewe."

Sijawahi kumtaka mtoto wangu radhi. Mzazi akikosa humpikia mtoto anachokipenda, na mambo yakaisha. Lakini yule mwanamke alikuwa ananitazama, nikajigeuza kitini nikamwelekea mwanangu, nikamwambia yote: bafu, komeo, kabati, tumaini langu la paka, na namna nilivyojipa siku nzima kana kwamba siku ile ni yangu. "Nisamehe, Riziki," nikasema.

Alikoroga chai yake iliyokwisha kukorogwa.

"Kama bibi asingetangaza Halbadiri, mama, ungekwenda kusema?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na mama yeyote angelisema. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa pale kichochoroni.

"Nisingekwenda," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akanywa chai yake mpaka ikaisha, akakirudisha kikombe kwenye sahani yake. Mama Achari alikuwa anaangalia bustani. Ndipo Riziki akasema, "Haya. Nimekusamehe," na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba angeweza kukataa.